Sura ya Sita: Siku Moja Mbele ya Aialik

Nyumbani Marangu, barafu kwangu ilikuwa ya namna mbili. Kulikuwa na barafu ya kifuko cha nailoni, ya ukwaju au ya ubuyu, tuliyonunua kwa mama mmoja nje ya uzio wa shule. Ulitoboa pembe kwa jino, ukafyonza mpaka rangi na sukari vikaisha, mkononi kikabaki kipande cheupe kisicho na ladha. Halafu kulikuwa na barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ambayo mimi na wenzangu hatukuwahi kuigusa. Asubuhi mlima ukifunguka, bibi alisimama uani na jembe lake, akautazama kidogo, kisha akarudi kwenye migomba. Barafu ile ilikuwa kama picha ukutani. Haikusogea wala haikutoa sauti.

Sauti ya barafu niliisikia nikiwa na miaka 21, upande wa pili wa dunia, katika siku ya mapumziko niliyokuwa nimepanga kuitumia kufua nguo.

Nilikuwa Seward, Alaska, nikitandika vitanda. Nilikwenda kwa viza ya J-1, ile inayowaruhusu wanafunzi wa vyuo kufanya kazi Marekani wakati wa likizo ndefu, kwa muda usiozidi miezi minne, kisha warudi masomoni. Wakala aliyetuandikisha alituahidi saa nyingi za kazi na nyumba nafuu. Nyumba ikawa chumba cha watu wanne, na kodi yake ilikatwa kwenye mshahara kabla hatujauona. Saa za kazi zilikuwepo, tena nyingi: vyumba 14 kwa shifti, mashuka ya kutandua na kutandika, foronya, mataulo, vioo, sinki, na toroli lenye gurudumu moja lililogoma kwenda mbele. Jioni mikono ilinuka dawa ya kuondoa madoa hata baada ya kuoga. Nayasema haya kwa sababu watu wengi wakiona picha yako Alaska hudhani ulikwenda kutembea.

Mji wenyewe ni mdogo, wakazi wake wa kudumu hawafiki 3,000. Ulipewa jina la William Seward, waziri wa mambo ya nje wa Marekani aliyesimamia ununuzi wa Alaska kutoka kwa Warusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2. Barabara inakomea hapo, reli inakomea hapo, na mbele ni Ghuba ya Resurrection, iliyozungukwa na milima inayochomoka moja kwa moja kutoka majini. Majira ya joto yakifika, meli za watalii hutia nanga, treni huwashusha wengine, na mji hufurika. Hapo ndipo sisi tunapohitajika. Kwenye nyumba yetu kulikuwa na Wafilipino, Wabulgaria na Wajamaika, na Waafrika Mashariki tulikuwa wawili: mimi na dada mmoja wa Kisumu aliyenizidi miaka minne. Siku ya kwanza alinisikia nikizungumza kwa simu, akanigeukia na toroli lake mkononi. "Kumbe unaongea Kiswahili! Mdogo wangu, leo nitalala usingizi."

Yeye ndiye aliyenitoa kwenye ndoo ya nguo. Kijana mmoja aliyefanya kazi kwenye maboti ya watalii, ambaye kila asubuhi alipita kwetu kunywa kahawa, alimwambia kwamba safari ya siku ile ilikuwa na nafasi mbili zilizobaki na angetuombea bei ya chini. "Nguo zitakungoja," dada akaniambia. "Barafu haitakungoja." Hakukusudia kusema neno zito. Alikuwa ananiharakisha tu.

Boti iliondoka saa tano na nusu asubuhi. Ilikuwa safari ya saa sita, kwenda mpaka Ghuba ya Aialik ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kenai Fjords na kurudi. Tulivaa kila tulichokuwa nacho. Mimi nilivaa soksi mbili mbili na kofia ya sufu ya kuazima, katika wiki ya pili ya Agosti, na watalii wenyeji wa Marekani walivaa hivyo hivyo.

Hatujatoka hata bandarini vizuri, nahodha akapunguza mwendo. Karibu na nguzo ya gati alikuwa amelala chali fisi maji wa baharini, mikono kifuani, akipasua kome juu ya tumbo lake. Fisi maji wa mitoni kwetu nilikuwa nimemsikia tu kwa wavuvi. Huyu alikuwa na urefu wa mtoto wa shule na uso wa mzee mwenye ndevu za mvi. Aligeuka mara moja kama gurudumu ili kusuuza mabaki ya chakula kifuani, akaendelea kula. Nahodha alieleza kwenye kipaza sauti kwamba mnyama huyu hana tabaka la mafuta chini ya ngozi kama walilonalo nyangumi na sili. Kinga yake dhidi ya maji yale ya baridi ni manyoya tu, mazito kuliko ya mnyama mwingine yeyote, na ulaji: kila siku hula kiasi cha robo ya uzito wake. Manyoya hayo nusura yawamalize. Tangu Warusi walipofika mwaka 1741, fisi maji hawa waliwindwa kwa biashara ya ngozi, mpaka mkataba wa mwaka 1911 ulipowalinda. Wakati huo inakadiriwa walikuwa wamebaki kati ya 1,000 na 2,000 katika bahari yote. Nilimtazama yule mzee akipasua kome wake wa pili, nikaona kwamba sheria iliyoandikwa mapema kidogo ndiyo iliyoniwezesha kumwona.

Upande wa kulia tulipita miti iliyokauka, myeupe kama mifupa, imesimama kwenye tope la ufukwe. Tarehe 27 Machi 1964, Ijumaa Kuu, Alaska ilipigwa na tetemeko la kipimo cha 9.2, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa Marekani Kaskazini. Sehemu ya ufukwe wa Seward iliteleza baharini pamoja na gati zake, matangi ya mafuta yakawaka, kisha mawimbi ya tsunami yakaja na moto juu yake. Ardhi ya pwani ilididimia, maji ya chumvi yakaifikia mizizi ya miti. Miti ikafa imesimama, na chumvi ikaihifadhi. Miaka yote hii, haijaanguka.

Mpaka hapo nilikuwa mzima. Tulipotoka kwenye mdomo wa ghuba na kukutana na mawimbi ya bahari kuu, mtoto wa mlimani nikajulikana. Dada, aliyezaliwa ziwani, alinipa kipande cha tangawizi mbichi alichokuja nacho kwenye mfuko wa jaketi. "Tafuna, usimeze. Kaza macho kule mbali, usitazame miguuni." Nikakaza macho mbali, na kwa sababu hiyo mimi ndiye niliyeuona ule mvuke kwanza: mpumuo mmoja mweupe uliosimama juu ya maji kama moshi wa jiko la kuni asubuhi, kisha ukapotea. Nilipiga kelele kwa Kiswahili. Hakuna aliyenielewa ila mmoja, lakini wote waliufuata mkono wangu.

Alikuwa nyangumi mwenye nundu. Nahodha alizima injini mbali naye, maana sheria ya Marekani inakataza, huko Alaska, kumkaribia kwa chini ya yadi 100, yaani mita 91. Yule mnyama alipumua mara nne. Mara ya tano akakunja mgongo, mkia ukapanda, maji yakachuruzika kwenye kingo zake, akazama bila kurusha hata tone. Pumzi yake ilitufikia na upepo. Inanuka samaki waliooza, na nasema hivyo kwa heshima yote, kwa sababu harufu ile iliniambia kuliko picha yoyote kwamba huyu ni mnyama wa damu ya moto, ana mapafu kama yangu, na amekula.

Amekula, maana ndilo analokuja kulifanya. Nyangumi hawa huzaa katika maji ya joto ya Hawaii na Meksiko, ambako karibu hawapati chakula. Majira ya joto husafiri maelfu ya kilomita mpaka Alaska, hula usiku na mchana dagaa na viumbe wadogo kama kamba, hujaza akiba ya mafuta mwilini, kisha hurudi na akiba hiyo. Dada aliyasikia maelezo hayo akacheka, akanigusa bega. "Huyu naye yuko kwenye kibarua." Nami nikamhesabu miongoni mwetu, Wafilipino na Wabulgaria na sisi wawili, tuliokuja kaskazini msimu mmoja tujaze mifuko turudi.

Neno moja hapa kwa wasomaji wa pwani. Nyangumi wenye nundu wako pia kwetu. Wale wa kusini hula karibu na Antaktika na hupanda kuja kuzaa katika maji yetu, na kati ya Julai na Oktoba huonekana Watamu, Unguja na kwingineko. Mimi nilikuwa nimeishi miaka 21 katika nchi wanayopitia, nikalazimika kuvuka dunia ndipo nimwone mmoja.

Baada ya hapo wanyama walikuja kwa wingi hata sikumbuki mpangilio. Pomboo wadogo weusi kwa weupe walikimbia mbele ya omo kama wanashindana na boti. Ndege aina ya pafini, mwenye mdomo mnene wa rangi ya chungwa, alijaribu kuruka akiwa ameshiba, akawa anagongagonga maji kwa tumbo mpaka akakata tamaa na kupiga mbizi. Tai mwenye kichwa cheupe alikaa juu ya mti wa msonobari, na hapo nilijisikia nyumbani, kwa sababu ni jamaa wa karibu wa furukombe wetu. Ukimwona kwa mbali unaweza kuapa uko Naivasha.

Kwenye Visiwa vya Chiswell tulifika kwa pua kabla ya macho. Simba-bahari wa Steller walikuwa wamejilaza juu ya miamba kama magunia yaliyopakuliwa ovyo, madume wenye uzito wa gari dogo, wakinguruma. Jina la simba wamelistahili kwa sauti ile. Wale wa upande wa magharibi wa Alaska wamepungua sana tangu miaka ya 1970, kwa sababu ambazo wataalamu wanaendelea kuzijadili. Tulikaa pale kimya. Ndama mmoja alikuwa akijaribu kupanda mwamba, kila akifika nusu wimbi linamshusha, na mama yake anamtazama tu.

Hatukuwaona orka, nyangumi wauaji. Lakini nahodha alisimulia habari za kundi moja la eneo lile, na katika yote niliyoyasikia safarini ndiyo ninayoisimulia kwa watu mara nyingi zaidi. Tarehe 24 Machi 1989 meli ya mafuta iitwayo Exxon Valdez iligonga mwamba wa Bligh, mashariki ya hapo, ikamwaga galoni milioni 11 za mafuta ghafi, kama lita milioni 42. Mkondo uliyabeba mpaka fukwe za Kenai. Kulikuwa na kundi la orka ambalo wanasayansi wanaliita AT1, lenye wanyama 22. Baada ya ajali, 9 kati yao walitoweka. Waliobaki hawachanganyiki na makundi mengine wala hawazaliani nayo, wana milio yao ambayo orka wengine hawana, na katika kundi lile hakuna ndama aliyeonekana tangu mwaka 1984. Wamebaki 7. Wanapita kwenye ghuba hizi wakiwinda sili, na wa mwisho wao akifa, lugha ile imekwisha. Sisi tunaotoka katika nchi za makabila mengi, ambako kuna lugha zilizobaki na wasemaji wanaohesabika kwa vidole, tunaelewa habari hiyo bila kufafanuliwa.

Saa nane ilipopita tuliingia Ghuba ya Aialik. Maji yakageuka rangi, kutoka buluu iliyokolea kuwa kijani cha maziwa, kwa sababu ya unga wa mawe unaosagwa na barafu. Ghuba hizi nyembamba, ambazo wanajiografia huziita fyodi, zilichimbwa na barafu yenyewe. Ilijisaga ikishuka kwenye mabonde mpaka chini ya usawa wa bahari, na iliporudi nyuma maji yakaingia. Juu ya milima, pasipoonekana kutoka botini, liko tandiko la barafu la Harding, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,800. Ni kubwa kidogo kuliko kisiwa cha Unguja. Kutoka pale hushuka karibu barafuto 40. Barafuto ni neno la vitabuni, na sikuwahi kulielewa mpaka siku ile: ni barafu inayotiririka kama mto, ila kwa mwendo ambao jicho haliuoni. Theluji huanguka juu mwaka baada ya mwaka, ya chini hukandamizwa na ya juu, hewa hubanwa, theluji hugeuka barafu, na uzito ukizidi barafu huanza kuteremka.

Barafuto ya Aialik hushuka mpaka baharini. Ukuta wake una upana wa kama kilomita moja na nusu, na ulipotokea nyuma ya mwamba watu waliacha kuzungumza. Upepo uliotoka kwake ulikuwa kama mtu amefungua mlango wa jokofu la bucha. Boti ilisukuma vipande vya barafu polepole, vikigonga bodi kwa sauti ya vigae, na juu ya vipande vikubwa walikuwa wamelala sili. Walituinulia vichwa na kuvirudisha. Nahodha akasimama kama nusu maili kutoka kwenye ukuta, akazima injini.

Rangi yake ndiyo iliyonishangaza kwanza. Nilikuwa nimezoea barafu nyeupe ya Kibo, na hii ilikuwa ya buluu, katika nyufa ikawa buluu kama wino. Barafu iliyobanwa hivyo haina hewa nyingi ya kurudisha mwanga wote, hivyo mwanga hupenya ndani sana. Mwekundu humezwa njiani, wa buluu ndio unaotoka.

Kisha sauti. Kabla ya kumeguka, barafuto haikai kimya. Ililia kama mbao za dari usiku, ikakohoa, mahali fulani ndani kabisa kitu kikapasuka kwa mlio wa bunduki, na hakuna kilichoonekana. Tulingoja. Halafu niliona kipande kikitoka kwenye ukuta, kwa mbali kikionekana kidogo kama donge la ugali, kikaanguka taratibu mno, maji yakaruka. Kimya. Nikahesabu moja, mbili, ndipo ngurumo ikatufikia na kupita kifuani. Hapo nilitambua ukubwa wa kile nilichokiona, kwa sababu sauti ilichukua zaidi ya sekunde mbili kufika, na kile nilichokiita donge kilikuwa na ukubwa wa nyumba. Wimbi lake lilikuja baadaye, pana na lisilo na haraka, likawabembeza sili wote mmoja baada ya mwingine, kisha likatubembeza sisi.

Tulikaa pale karibu nusu saa. Iliporomoka mara tano. Sijui nieleze vipi, ila nililia, na dada alijifanya hajaona.

Kabla hatujaondoka, kijana wa boti alivua kwa wavu kipande cha barafu chenye ukubwa wa kichwa cha mtoto, akakipitisha mkono kwa mkono. Kilikuwa angavu kama kioo, si kama barafu ya nailoni yenye ukungu katikati, na kilikuwa kizito. Kijana akatuonyesha tukiweke sikioni. Ndani yake kulikuwa na mchakacho mdogo usiokoma, kama mafuta yanayoanza kupata moto kwenye kikaango. Ni viputo vya hewa vilivyobanwa tangu theluji ile ilipoanguka, vikipasuka kimoja kimoja barafu inapoyeyuka, na hewa ya zamani ikitoka. Mamilioni ya viputo hivyo yakipasuka kwa pamoja chini ya maji hufanya kelele kubwa. Watafiti walioshusha maikrofoni katika ghuba za namna hii Alaska na Antaktika walikuta ni miongoni mwa sehemu zenye kelele kuliko zote baharini, na wanadhani huenda sili hujificha humo kwa sababu orka hawawezi kuwasikia. Niliondoa kipande sikioni nikakilamba. Hakikuwa na ladha yoyote, kama kile kilichobaki kwenye nailoni.

Saa tatu na nusu usiku, jua likiwa bado linaelekea kuzama, nilimpigia bibi. Marangu ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi ya kesho yake, na niliwasikia kuku.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wamekupa mapumziko?"

Nikamweleza yote: nyangumi, simba-bahari, ukuta wa buluu, ngurumo. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Barafu umeifuata mbali hivyo," akasema, "na hii ya hapa hukuwahi kuniuliza hata siku moja." Nikamuuliza. Akaniambia kwamba alipokuwa msichana, akienda kukata majani ya ng'ombe, weupe wa Kibo ulishuka chini kama shuka iliyotandikwa vibaya, upande mmoja ukining'inia. Ule upande ulioning'inia haupo tena. Hakukumbuka ulitoweka lini. "Hatukuwa tunaandika," akasema.

Neno hilo lilinifuata wiki iliyofuata, tulipopata usafiri wa kwenda Exit Glacier, barafuto pekee ya hifadhi ile inayofikika kwa barabara, kama kilomita 20 kutoka mjini. Kabla ya kufika, kando ya barabara, katikati ya miti, kuna vibao vyenye mwaka tu. Baadaye, kwenye njia ya miguu, vinaendelea: 1917, 1926, 1951. Kila kibao kinaonyesha barafu ilifika wapi mwaka huo. Unatembea dakika kadhaa kutoka kibao kimoja hadi kingine, na miti inakuwa midogo zaidi kadiri unavyosogea, kwa sababu ardhi imefunuliwa karibuni zaidi. Kwenye kibao cha 2010 nilisimama nikatafuta barafu. Ilikuwa mbali, juu, imejikunja ndani ya bonde lake. Rais Barack Obama alipita njia hiyo hiyo Septemba 2015 na kusimama kwenye vibao hivyo hivyo. Hakuna hotuba iliyonifundisha kupungua kwa barafu kama vibao vile vilivyonifundisha. Haviiti mtu kwa kelele wala kumlaumu mtu, vinataja mwaka tu.

Si barafuto zote za Kenai zinarudi nyuma kwa kasi hiyo. Watafiti waliopitia picha za setelaiti za kuanzia 1984 hadi 2021 walichunguza 19 zilizo karibu na bahari: 13 zimerudi nyuma sana, 4 zimetulia, 2 zimesogea mbele kidogo. Aialik ni kati ya zilizotulia. Nimefurahi kulijua hilo, kwa kuwa nataka mtu mwingine asimame pale akahesabu moja, mbili.

Kibo ni habari nyingine. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipoandika kwamba ameona weupe juu ya Kilimanjaro, wataalamu wa jiografia wa Ulaya walimkejeli. Theluji karibu na ikweta? Kiongozi wake wa safari aliuita weupe ule kwa neno tunalolijua wote, baridi. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilipopimwa ilikuwa kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia 2007 ilikuwa imepungua hadi chini ya 2. Asilimia 85 ilikwisha katika muda wa maisha ya mtu mmoja aliyejaliwa umri mrefu. Sababu yake si joto pekee. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 hewa ya mlimani imekuwa kavu zaidi, theluji mpya haiji ya kutosha, na barafu nyingi hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji. Ndiyo maana kuta zake zimesimama wima na hazitembei wala kunguruma. Aialik inalishwa, Kibo inakula akiba.

Kuna wanaosema barafu ikiisha, mito ya Kilimanjaro itakauka. Si sahihi, na ni vizuri tuseme ukweli ili tulinde kinachopaswa kulindwa: maji ya mifongo yetu, ile mifereji ya jadi, yanatoka hasa kwenye mvua na ukungu unaokamatwa na msitu, na anayekata msitu ndiye anayekata maji. Barafu ina thamani nyingine. Sampuli zilizotobolewa mwaka 2000 zilionyesha kwamba ya chini kabisa ina miaka ipatayo 11,700. Ilikuwepo kabla hapajawa na mtu wa kuiita Kibo. Mwaka 2022 UNESCO ilitoa taarifa kwamba barafuto za maeneo ya urithi wa dunia barani Afrika, Kilimanjaro na Mlima Kenya zikiwemo, huenda zitakuwa zimetoweka ifikapo 2050. Bibi hatakuwepo mwaka huo. Mimi, Mungu akinijalia, nitakuwepo.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa msomaji mwenye babu au bibi Marangu, Kibosho, Machame au Rombo, na kwa wa Nanyuki na Kasese vilevile. Nenda kakae naye asubuhi mlima ukiwa umefunguka. Muulize barafu ilifika wapi alipokuwa mtoto: karibu na jabali gani, upande gani wa bonde, mwaka alioolewa au mwaka wa njaa gani. Piga picha ya mlima kutoka hapo hapo alipokaa. Kisha andika jina lake, alichosema, na mwaka.